Sura ya Saba: Jeneza Lililorudishwa Getini

Jeneza la Mzee Agyare lilirudishwa Ijumaa asubuhi mbele ya watu, hata viti vya plastiki havijamalizwa kupangwa. Wanaume waliolitoa kwa seremala walifika nalo mpaka getini kwa marehemu, mtaa wa Bantama mjini Kumasi, wakaambiwa na mkuu wa ukoo, Mzee Twumasi, wageuke nalo walikotoka. Sajini Adoma alikuwepo, maana shangazi yake ni jirani wa nyumba ile. Alipoingia kituo cha polisi cha Adum hakusalimia mtu.

"Limerudishwa," alisema.

Inspekta Kwaku Brenya alikuwa anafagia kioo cha kompyuta yake. Ndivyo alivyokuwa akiita mwenyewe, kufagia: kila asubuhi anavuta vile vijipicha vya kufungulia programu vilivyojaa kwenye kioo, kimoja kimoja, anavitupa kwenye pipa la taka, kisha anamwaga pipa. Miaka yote ya Windows alifanya hivyo, na hakuna aliyemkosoa. Kijipicha ni mlango tu, alikuwa akiwaambia vijana wa kituo. Ukiondoa mlango, chumba kinabaki.

"Nini kimerudishwa?"

"Jeneza Dufie alilomnunulia baba yake. Mzee Twumasi amesema kwa kinywa chake kwamba ukoo hauwezi kumlaza ndugu yao kwenye sanduku la mtu aliyeiba sauti yake."

Brenya aliacha kipanya. "Mimi sikumwambia arudishe jeneza."

"Hukumwambia. Ulimpa ripoti tu." Adoma alivuta kiti, akakaa. Ni mwanamke mnene, mpole wa sura na mkali wa ulimi. "Afande, wewe ni mtu wa hapa, nisikufundishe. Mtoto ni wa ukoo wa mama, si wa ukoo wa baba yake. Siku baba amekufa, kitu chake kimoja ni jeneza. Analinunua yeye, analileta yeye, watu wanaona kwamba marehemu aliacha mtoto. Likikataliwa hilo, kesho kwenye mazishi Dufie atakaa upande gani?"

Ripoti ilikuwa ya Brenya na sahihi ilikuwa yake. Ilisema hivi: programu ya kurekodia muziki iliondolewa kwenye Mac ya marehemu siku ya Jumapili alasiri, nyimbo zote zimefutwa pamoja nayo, na aliyeishika mashine ile na kuijua nywila yake ni mmoja, binti yake Dufie.

Na nyimbo zenyewe si nyimbo za kuchezea. Mzee Agyare, mpiga gitaa ambaye Kumasi nzima ilicheza muziki wake, alikaa mwaka wake wa mwisho kwenye chumba cha nyuma na bintiye, akirekodi nyimbo za msiba wake mwenyewe. "Msiniletee bendi ya kukodi," aliwaambia ndugu zake. "Nitajiimbia." Jumatatu Dufie akaiwasha Mac ili aziandae, programu hakuna. Yeye ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. Kufika jioni kelele zilikuwa zimemgeukia, watu wakanong'ona kwamba kampuni fulani ya Accra ilishatamka bei ya nyimbo hizo. Jumanne ukoo ukamleta kwa Brenya, rafiki wa marehemu, bingwa wa kompyuta wa kituo. Brenya akakaa na mashine mchana kutwa, akatoka na neno moja: hakuna kitu humu.

Neno hilo ndilo lililorudisha jeneza.

Mlango uligongwa, akaingia Bediako, mpwa wa marehemu na mrithi wake, kijana aliyenyoa kipara na kuvaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni. Mkononi alikuwa na flashi.

"Afande, samahani kwa kuwasumbua. Mjomba Twumasi amenituma. Kesho tuna kile kioo kikubwa cha kuonyeshea picha, na hatuna kompyuta ya maana. Anaomba mtuazime ile ya marehemu, kwa vile imeshachunguzwa. Picha hizi hapa."

"Ile ni kielelezo cha kesi," alisema Adoma.

"Cha nini tena, na mwizi mmeshampata?"

Brenya aliitoa Mac kabatini, akaiweka mezani, akaifungua. Ilipoomba nywila aliandika mara moja, bila kuuliza mtu na bila kutazama kibodi. Adoma alivitazama vidole vyake.

"Nywila hiyo ulipewa na nani, afande?"

"Na Dufie."

"Lini?"

"Siku nyingi kidogo. Bediako, lete flashi."

Picha zilikuwa nyingi, za harusi, za jukwaani, za Mzee Agyare akiwa kijana wa suruali pana. Brenya alizishika zote, akaziburuta. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaleta kijisanduku chenye maneno. Akakifunga, akarudia. Kikaja tena.

"Inasemaje?" aliuliza Bediako.

"Nafasi haitoshi."

"Haitoshi vipi? Si mlisema imefutwa yote?"

Brenya alisogeza kiti. Alifungua folda ya nyaraka: tupu, barua chache tu. Folda ya muziki: tupu. Folda ya vitu vilivyopakuliwa: tupu. Alizipita zote kama alivyozipita Jumanne, na zote zilikuwa tupu vilevile. Kisha akafungua pale panapoonyesha diski imetumika kiasi gani. Mstari ulikuwa umejaa mpaka ukingoni.

Adoma alisimama nyuma yake. "Ghala limeibiwa," alisema polepole, "na ghala limejaa."

"Naona."

"Limejaa nini?"

"Nimesema naona, Adoma."

Hakuwa anaona. Kwenye Windows angeshafika. Angeingia kwenye diski ya C, angetia alama pale panapoonyesha vitu vilivyofichwa, na ile folda ambayo programu huwekea mali zake ingejitokeza yenyewe. Huku hakuna C. Huku hakuna pa kutia alama, au papo na yeye hapajui. Windows za kituo zilipoondolewa na Mac kuletwa, semina iliandaliwa na Brenya akawapeleka makonstebo wawili badala yake. "Mimi nikafundishwe kompyuta na nani?" alisema siku ile, na wenzake wakacheka kwa heshima. Makonstebo walirudi na vyeti, wakahamishiwa Tamale. Tangu hapo alikuwa akiifungua mashine mpya mlango ukiwa umefungwa, asije mtu akamwona anavyotafuta.

Adoma alimgeukia Bediako. "Kaa. Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Mimi?"

"Wewe. Mrithi ni wewe. Kampuni ya Accra ilimpigia nani?"

"Ilinipigia mimi, na nikawajibu wangoje mzee azikwe. Simu hii hapa, isikilize." Bediako alikaa, ila si kwa woga. "Na hiyo Jumapili mnayoitaja imeandikwa wapi?"

"Folda ya programu yenyewe inasema. Kitu kikitolewa humo, tarehe inabadilika. Imebadilika Jumapili alasiri," alisema Brenya.

"Basi Jumapili alasiri nilikuwa kwa mchapaji, Adum hapahapa, nasubiri mabango ya msiba. Muulizeni."

"Tutamuuliza. Kabla ya mchapaji?"

Bediako alimtazama Adoma, kisha akamtazama Brenya, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. "Afande, mwambie basi mwenzako. Kabla ya mchapaji nilikuwa na wewe. Si ulikuja nyumbani ututafutie picha ya bango? Dufie alikuwa anakimbilia kwaya kanisani, akakuachia nywila, akaondoka. Nilikaa hapo mlangoni nakungoja. Ukanitolea ile picha ya mzee na gitaa, ukaniambia nenda, wewe unamalizia."

Bango lenyewe lilikuwa ukutani nyuma ya Brenya, kama lilivyo kwenye kuta nyingi za mji: Mzee Agyare na gitaa lake, anatabasamu.

"Unamalizia nini?" aliuliza Adoma. Hakumuuliza Bediako.

Brenya alitazama kibodi. Yalimrudia yote, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja alilokuwa amelificha kwa makusudi. Kioo cha mzee kilikuwa kimesongamana. Dirisha moja, la folda ya programu, lilikuwa wazi, limejaa vijipicha, vikubwa, vya rangi. Alisema kimoyomoyo, huyu mzee, kompyuta nzuri namna hii ameijaza takataka. Akavuta kimoja, akavuta cha pili, akatupa. Akamwaga pipa. Alikuwa anamfanyia rafiki yake usafi wa mwisho.

Mlango tu, alidhani. Kumbe kwenye Mac kijipicha kilichomo ndani ya folda ile ni nyumba nzima.

"Bediako," alisema, "rudi nyumbani. Mwambie Mzee Twumasi naja mwenyewe."

Kijana aliondoka. Adoma alingoja mlango ufungwe. Alitoa simu. "Nitafute humu? Mtandaoni hakikosekani kitu. Folda zilizofichwa kwenye Mac, dakika moja tutajua."

"Weka simu."

"Afande, saa zinakwenda."

"Aliyeniambia zipo ni Dufie. Aliniambia Jumanne, kwenye kiti hicho ulichokalia, kwamba programu huwa ina folda yake pembeni, imefichwa. Nikamjibu nimeshaangalia kote." Brenya alifunga mashine. "Sikuwa nimeangalia. Sikujua pa kuangalia, na niliona haya kumuuliza mtuhumiwa. Twende."

*

Karakana ya seremala iko Sokoban, katikati ya vilio vya misumeno. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya mbao mbili, jeusi, limepigwa vanishi, na kwenye kifuniko lilikuwa na gitaa dogo la kuchonga. Dufie alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda, nguo yake ya msiba, nyekundu na nyeusi, ameshaivaa, kwa ajili ya shughuli aliyofukuzwa. Seremala alikuwa anamuuliza kama alifunike kwa turubai, maana vumbi la mbao litaharibu vanishi.

"Lifunike," alisema Dufie. Kisha akawaona. "Afande."

Tangu akiwa mtoto wa kutambaa alikuwa akimwita Brenya mjomba. Alilianza hilo la afande Jumanne, na hakuliacha.

"Nimekuja kuuliza," alisema Brenya.

"Ulishauliza. Jibu ukaliandika mwenyewe."

"Nilikuambia nimeangalia kote. Ulikuwa uongo. Mashine hii siijui."

Msumeno wa jirani ulizima, ukawaka tena.

"Jumanne hukusema hivyo."

"Jumanne niliona aibu."

"Uliona aibu," alisema Dufie. "Wewe uliona aibu, nikavuliwa nguo mimi. Mama yangu ananunua nyanya sokoni anaambiwa mama mwizi. Wanawake wa ukoo waliniita uani, wakanitaka niape mbele ya picha ya baba. Nikaapa. Wakasema hata mwizi huapa."

Brenya alisimama, kofia mkononi, na seremala akajifanya anatafuta msumari. Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo watu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukiuficha sana anaweza kulipa mwingine.

"Dada," alisema Adoma, akiweka Mac juu ya kifuniko cha jeneza, kwa kuwa meza nyingine haikuwepo. "Mashine inasema imejaa. Tuonyeshe imejaa nini."

Hilo lilimwinua Dufie. Alifuta vumbi mikononi kwa ncha ya nguo. Hakuigusa mashine. Alisimama pembeni, akakunja mikono.

"Fanya wewe, afande. Nisije nikaambiwa nimeingiza kitu."

Brenya alisogea.

"Fungua ile menyu ya juu, ya kwenda mahali, iliyoandikwa Go. Hiyo. Unaona nini?"

Aliyasoma majina, yaleyale aliyoyasoma Jumanne: nyaraka, vilivyopakuliwa, programu.

"Usiifunge. Sasa bonyeza kitufe cha Option, kishikilie."

Alibonyeza. Katikati ya majina yaleyale likajitokeza jina ambalo halikuwepo: Library.

"Achia."

Likatoweka.

"Shika tena."

Likarudi. Adoma alipumua. Brenya aliachia, akashika, akaachia tena, mtu mzima na mvi zake, mpaka Dufie akasema, "Si mchezo wa watoto. Lifungue."

Ndani mlikuwa na folda juu ya folda. Dufie alimwelekeza kwa maneno tu: teremka, hiyo ya mahitaji ya programu, ifungue, teremka tena. Pale lilikuwepo jina la programu ya kurekodia, ile iliyokuwa imeondolewa. Na ndani yake, moja chini ya nyingine, nyimbo zote.

"Kule kwetu unatia alama tu, vilivyofichwa vyote vinaonekana," alisema Brenya, kama anajitetea.

"Huku si kule. Chagua moja. Bonyeza kitufe kirefu, kile cha kuachia nafasi."

Alibonyeza. Kwanza ilikuja sauti ya kiti kikivutwa. Kisha kikohozi. Kisha Mzee Agyare, karibu kabisa, kana kwamba amesimama nyuma ya rundo la mbao: "Dufie, umewasha? Usije ukaniimbisha bure kama juzi."

Na sauti ya Dufie mwenyewe, anacheka: "Nimewasha, baba. Imba, acha maneno."

Gitaa likaanza. Dufie aligeuka akautazama ukuta. Seremala alivua kofia. Hakuna aliyekatiza wimbo.

Ulipokwisha, Dufie aliongea bila kugeuka. "Sasa nisikilize, maana hukunisikiliza. Kwenye Mac ukiitupa programu, mali yake inabaki. Anayeijua Mac anajua hivyo. Ningetaka kuiba ningezinakili hizi, halafu ningezifuta hizihizi. Programu ningeiacha ilivyo, msingejua kitu. Aliyetupa programu akaacha nyimbo ni mtu asiyeijua hii mashine."

"Mtu wa Windows," alisema Adoma kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Kazoea kule, kaja kupapasa huku. Mtafute, afande. Kazi yako hiyo."

Brenya alifungua kinywa. Adoma alimtazama, akamngoja. Misumeno ilikuwa inalia, na ni kweli haikuwa rahisi kusikilizana, lakini si hiyo iliyomfunga mdomo.

"Pakieni jeneza kwenye gari," alisema. "Tunarudi nalo Bantama."

Njiani Adoma aliendesha gari mpaka mzunguko wa Asafo. Hapo akasema, "Ningekuwa mimi, ningemwambia palepale."

"Najua."

"Basi sawa. Mradi unajua."

*

Maturubai yalikuwa yamesimama na maspika yamepangwa ukuta kwa ukuta. Mzee Twumasi, mkuu wa ukoo, alikuwa amekaa mbele na wazee wenzake, nguo nyeusi begani, fimbo mapajani. Kulia kwake alisimama msemaji wake, Agyapong, mtu mrefu mwenye sauti ya mafuta. Pale kwa mzee hakuna anayezungumza naye uso kwa uso kwa jambo zito. Unamwambia msemaji, naye analitamka kwa wote, akilipamba panapohitaji kupambwa.

Gari la jeneza lilisimama nje ya geti, Dufie kando yake. Hakuruhusiwa kupita, naye hakuomba.

Adoma aliunganisha Mac na maspika. Brenya alibonyeza Option, akaingia alikoelekezwa, akabonyeza kitufe kirefu. Kikohozi cha Mzee Agyare kikapita juu ya paa za Bantama. *Dufie, umewasha?* Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu waliacha visu. Mmoja akaita jina la marehemu, wengine wakadakia, na uwanja wote ukaangua kilio. Bediako aliinama, akaficha uso. Mzee Twumasi alilia wazi, bila kujifuta, mpaka wimbo ukaisha.

Kisha akainua fimbo, watu wakatulia. Akanong'ona kwa msemaji.

"Mzee anasema," alitangaza Agyapong, "Mungu ni mkubwa. Kilichopotea kimeonekana. Mzee anasema damu si maji. Binti alikosea, lakini amerudisha, na aliyerudisha hapigwi. Ukoo umemsamehe. Alete jeneza lake, tusahau."

Watu waliitikia kwa kuridhika. *Amerudisha.* Neno lilitoka turubai hadi turubai, likafika getini. Brenya alimwona Dufie akilipokea. Hakulia wala hakutikisa kichwa. Aliweka tu mkono juu ya jeneza la baba yake.

Ilikuwa imekwisha, ukitaka. Nyimbo zimepatikana, jeneza linaingia, hakuna anayeuliza tena nani aliitupa programu. Inspekta angeweza kupokea soda yake, akakaa na wageni wa heshima. Kesho angepewa hata shukrani kwenye kipaza sauti.

"Afande," alisema Adoma karibu na sikio lake, "wanamsamehe."

Brenya alisimama, akavua kofia kama mtu anayeomba radhi, akasogea mbele ya msemaji.

"Mwambie mzee Dufie hakurudisha kitu. Hakuchukua kitu. Nyimbo hazikutoka ndani ya mashine hata siku moja."

Agyapong aliigeukia hadhara. "Inspekta anasema, baada ya uchunguzi wa kina, imeonekana nyimbo zilikuwa salama muda wote."

"Mwambie programu iliondolewa Jumapili alasiri, na aliyeiondoa ni mimi. Nilikuja kutafuta picha ya bango, nikafagia kioo, nikaitupa nikidhani natupa kijipicha."

Agyapong alimtazama kwa huruma. Kazi ya msemaji ni kumsitiri anayesema, na alikuwa hodari wa kazi yake.

"Inspekta anasema kulitokea hitilafu ya mashine, kama mnavyojua mashine hizi mpya—"

"Sikusema hivyo."

Agyapong alisita.

"Usinipambie, mzee wangu," alisema Brenya mbele ya watu wote waliomjua. "Sema ni mimi. Sema nilifuta kwa mkono wangu, kisha nikaulizwa nyimbo ziko wapi, nikasema hakuna kitu, kwa sababu mashine siijui na niliona haya kusema siijui. Sema nilimwita mtoto wa rafiki yangu mwizi. Sema hivyohivyo."

Msemaji alimtazama Mzee Twumasi. Mzee aliinamisha kichwa mara moja. Agyapong akajinyoosha, na kwa ile sauti ya mafuta, ile inayofika mpaka kwa jirani, akasema yote, neno kwa neno. Brenya alisimama akasikiliza aibu yake ikisomwa mara ya pili, kwa lugha nzuri kuliko yake. Hakuna aliyepiga mluzi, hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu wangezomea.

Safari hii Mzee Twumasi hakunong'ona. Alisema mwenyewe.

"Asubuhi nilisimama getini nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikadhani najua nguo gani." Alijikohoza. "Mimi nilikuamini, Brenya, nikamkosea mtoto. Langu nitalimaliza naye kwa mdomo wangu, na chupa ya kinywaji cha kuomba radhi nitaileta mimi. Wewe lako. Jeneza lilirudi kwa neno lako?"

"Kwa neno langu."

"Basi liingie kwa bega lako. Na lisianzie getini. Rudi nalo mpaka njia panda, kule watu walikoliona likipita kurudishwa, uje nalo kwa miguu."

Walilishusha njia panda. Wachuuzi wa kenkey, madonge ya unga wa mahindi, waliacha masufuria, madereva wa teksi wakazima injini, na wale walioshuhudia asubuhi wakaja tena kushuhudia. Bediako alishika nyuma pamoja na seremala aliyekuja na gari. Dufie alishika mbele, upande wa kulia. Wanawake hawabebi jeneza, mtu mmoja alianza kusema, na Adoma akamtazama, naye akanyamaza.

Upande wa kushoto, mbele, ulibaki wazi. Brenya alikuja, akainama, akapitisha mkono chini ya ubao. Kati yake na Dufie palikuwa na upana wa jeneza tu. Alitaka kumwambia neno. Alikuwa amelitafuta tangu Sokoban.

Dufie hakumngoja alipate. Alikuwa anatazama mbele, kwenye geti lililofunguliwa.

"Afande," alisema, "inua upande wako."

Brenya akainua.